Miezi Kumi na Moja

Siku ya soko Nkwenda, mwezi wa tano 1953, Kokuberwa alitua mkungu wake wa ndizi juu ya sanduku la kijana mmoja mtanashati, kaptula yake imenyooshwa vizuri kwa pasi.

"Dada, humo mna kioo cha darubini."

"Basi kibebe kichwani, kama sisi tunavyobeba vyetu."

Kijana, Protase, alikuwa msaidizi wa Mzungu aliyechunguza nyota kilimani. Alicheka, na mapenzi yakaanzia hapo. Wiki ya pili Kokuberwa alipanda kilimani alfajiri, amevaa gauni la bluu, akachungulia. Mwanga wa nyota moja nyekundu ulitandazwa na kioo kama utepe, umekatwa na mistari myeusi.

"Nini hiyo nyeusi?"

"Hewa yake, mpenzi. Ni nyota kubwa mno, ila imepoa, na hewa yake inameza mwanga. Itafifia mpaka isionekane. Baada ya miezi kumi na moja itawaka tena."

Mzungu alikuwa akihamia Uganda, na Protase pamoja naye.

"Nitakuandikia, Koku."

"Sijui kusoma. Barua yako ataisoma baba."

"Basi itazame nyota. Ikiwaka, ujue nakuja na mahari."

Baba yake alishamchagulia Gosbert, mnunuzi wa kahawa aliyejulikana kwa kupiga wake zake. Kokuberwa alipiga magoti, akaomba asubiriwe hadi nyota iwake, mwezi wa nne. Baba, ajabu, alikubali.

Mwezi wa nne wote Kokuberwa alisimama nje kila alfajiri, akitazama mashariki. Hakuona kitu. Mwezi wa tano rubisi, pombe ya ndizi ya posa, ikanywewa, akaolewa.

Protase aliruhusiwa na Mzungu kuja Juni tu. Alimkuta sokoni, kilemba kimeshushwa kufunika jicho lililovimba.

"Ulinidanganya," Kokuberwa alisema.

"Iliwaka, Koku. Mwezi ule ule. Ila ilichomoza pamoja na jua, ikafunikwa. Niliihesabia nyota miezi yake, jua nikalisahau."

Kokuberwa aligeuka kutazama mashariki.

"Kwa hiyo ilikuwepo pale pale nilipokuwa natazama."

"Ilikuwepo," Protase alijibu.

"Twende kwa baba yako," akaongeza. "Nitamweleza."

"Umweleze nini? Alisubiri mpaka mwezi ukaisha. Yeye alitimiza ahadi yake."

Gosbert aliita kutoka kwenye mizani. Kokuberwa alivuta kilemba chini zaidi, akamwendea.