Sabuni Yenye Madoadoa

"Huu unywele ni wa nani?"

Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa bafu, taulo kifuani, povu bado liko shingoni. Mkono wa kulia ameshika sabuni. Wa kushoto, kati ya vidole viwili, amebana unywele mrefu mwekundu ambao nusu yake ilikuwa bado imezama ndani ya sabuni.

Mumewe, Dobi, alikuwa mezani akipasua tyubu ya dawa ya meno kwa mkasi ili wakwangue iliyobaki. Hiyo ilikuwa kazi yao ya kila mwisho wa mwezi na hakuna aliyeionea aibu.

"Unywele gani?"

"Huu. Mimi nimenyoa, mwanao kasukwa. Nani anakuja kuoga kwangu nikiwa kwenye cherehani?"

"Labda wa mteja wako. Umeng'ang'ania nguoni."

"Ukang'ang'ania nguoni, halafu ukapiga mbizi kwenye sabuni?"

"Mke wangu, nakuapia hakuna mwanamke."

"Basi niambie huu unywele umeingiaje humu."

Dobi akarudi kwenye tyubu yake kama mtu anayesoma barua. Fundi hakungoja. Akaivunja sabuni vipande viwili juu ya goti.

Ndani kulikuwa na matabaka: waridi, kijani, nyeupe, manjano. Sikuzote alikuwa akiyapenda yale madoadoa, akidhani ni ufundi wa mtengenezaji. Sasa aliona katika doa moja nusu ya herufi iliyogongwa kiwandani. Na kwenye doa la kijani kulikuwa na kitu cha rangi ya ngozi, kimejikunja.

"Na hii?"

"Hiyo... ni plasta."

"Plasta ya kidonda?"

"Inaonekana."

"Kidonda cha nani, baba Kibibi?"

"Sijui, mke wangu. Wageni ni wengi."

"Wageni?"

Ndipo yakatoka. Alikuwa dobi wa nyumba ya wageni yenye vyumba ishirini. Wahudumu walipotoa mashuka machafu, walitoa pia vipande vya sabuni vilivyobaki bafuni. Yeye aliviokota kabla havijatupwa, akaviyeyusha kwenye kopo nyuma ya chumba cha kufulia, akachuja, akamimina kwenye pakiti tupu za maziwa, akakata.

"Umechuja kwa kitu gani?"

"Soksi."

"Soksi!"

"Safi, lakini. Nimeifua mwenyewe."

"Na yule mama wa sabuni za mitishamba? Uliyesema unanunua kwake njiani?"

"Hayupo."

Fundi alihisi ngozi yake yote inataka kumbanduka. Akarudi bafuni, akachota chumvi ya mawe, akajisugua mikono, shingo, mapaja, mpaka maji yakamuuma. Kisha akainama kwenye karo akatapika chai yote ya asubuhi. Alipotoka, macho mekundu, akamkuta bintiye wa miaka minne anajikuna chini ya kidevu. Vile vipele. Miezi yote wamesema ni joto.

"Kitu gani kingine?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna."

"Miswaki?"

"Aah, mke wangu! Miswaki hapana!"

"Kumbe unajua kuna mpaka."

Na si kwamba Fundi alikuwa mke wa kupenda makubwa. Kwa kubana matumizi, ni yeye aliyemfundisha mumewe. Maharage aliyaloweka tangu jana yake ili moto uwake muda mfupi. Maji ya kusuuza nguo yalipiga deki, yaliyopiga deki yalikwenda chooni. Gauni lake likichakaa liligeuka la mtoto, la mtoto likageuka kitambaa cha jikoni. Kila Jumapili baada ya chakula walikaa mezani, kila mmoja akasema wiki ile amenunua nini na ameacha nini, na kilichookolewa kikaingia kwenye akiba ya cherehani kubwa ya umeme. Wapangaji wenzao waliwacheka, wakawaita Kamati ya Fedha. Wao wakacheka pia. Kwa Fundi kile kikao ndicho kilikuwa mapenzi yenyewe: mwanamume anayekaa chini, anakuangalia usoni, anakwambia kila kitu.

Alimvisha mtoto, akachukua begi moja, akaenda kwa dada yake mkubwa.

*

"Yaani umekimbia ndoa kwa sababu ya sabuni?" Dada alicheka mpaka akashika mbavu. "Wenzio wanalia na michepuko, wewe unalia na povu!"

"Dada, ningekuta mwanamke ningejua pa kuanzia. Ningemtukana, ningelia, yangeisha. Sasa nimtukane nani? Watu wa vyumba ishirini? Wamenipita mwilini wote, hata majina siwajui."

"Mume halewi, hapigi, mshahara analeta. Rudi kwako."

"Akinigusa nitatapika."

"Utazoea. Hata mimi wangu anakoroma..." Dada akakata kicheko ghafla. "Ngoja kwanza. Ile uliyoniletea mwezi jana, ukasema ya mitishamba?"

Fundi akatazama chini.

"Wewe! Mimi nimeoshea uso!"

"Nisamehe, dada."

"Uso! Na nikawasifia ofisini kwamba inang'arisha!"

Kuanzia hapo Dada hakutaja tena habari ya kurudi.

Simu ya Fundi haikutulia. Siku ya kwanza: "Mke wangu nimekosa." Siku ya pili: "Nimenunua sabuni mpya. Iko kwenye karatasi yake, sijaifungua. Njoo uifungue mwenyewe." Fundi akajibu neno moja: "Niache." Siku ya tano Dobi alipiga, Fundi akapokea.

"Kibibi anaendeleaje na vipele?"

"Vinakauka."

"Nimekula maharage mabichi," alisema Dobi. "Nilisahau kuloweka."

Fundi nusura acheke. Akakata simu kabla kicheko hakijatoka.

*

Jumamosi mchana alikuja mwenyewe, shati limenyooshwa, amesimama kizingitini kama mtoza kodi mwenye aibu.

"Shemeji, karibu," alisema Dada. "Lakini kanawe mikono kwanza."

Akanawa. Dada akaingia jikoni, akaacha mlango wazi ili asikie vizuri. Dobi akakaa ukingoni mwa kiti.

"Kuna jambo sikukwambia. Mishahara yetu imekatwa nusu. Huu ni mwezi wa saba sasa."

"Wa saba!"

"Ile hela niliyokuwa nasema nimenunulia sabuni, ilikuwa inaziba kodi ya nyumba."

"Na kila Jumapili ukakaa mezani na mimi, ukanitajia bei."

"Nilikutajia."

"Kwa nini?"

"Ulishaichagua cherehani yako. Kila tukipita pale dukani unaweka mkono kwenye kioo. Ningekwambia, ungeingiza akiba kwenye kodi siku hiyohiyo. Sikutaka uutoe mkono pale."

Kinyaa cha Fundi kilikuwa hakijaisha, lakini hasira yake ilikuwa imelegea.

"Ungeniambia," alisema taratibu. "Ningebana mara mbili. Hiyo si ndiyo kazi ninayoijua? Ningeogea hata majivu, baba Kibibi. Lakini ningejua kwamba haya ni majivu."

"Najua. Nimekukosea."

"Mwili wangu si kopo la kumwagia chochote."

"Najua, mke wangu."

"Kesho ni Jumapili. Unakaa mezani unasema yote? Mshahara, kodi, yote?"

"Yote. Hata ukinicheka."

"Nitakucheka, usiwe na wasiwasi."

Akamwita mtoto avae viatu. Akaanza kukunja nguo zake, akizipanga ndogo ndani ya kubwa ili begi litoshe. Huku akikunja alipanga mambo ya jioni kama kawaida yake.

"Tukifika nachemsha maji sufuria kubwa, tuoge wote watatu, yaishe. Lakini wewe una ngozi ngumu! Mtoto katoka vipele, mimi nawashwa mapaja, wewe hata alama."

"Mimi si huwa naogea kazini."

"Na huko si ni hiyohiyo?"

Dobi akaanza kuokota nyuzi kwenye goti la suruali.

Mikono ya Fundi ikasimama juu ya gauni.

"Huko mnaogea nini?"

"Stoo inatupa... mche mmoja wa sabuni kwa mwezi. Wafanyakazi."

"Mpya?"

"Mpya. Lakini hauruhusiwi kutoka getini! Mlinzi anapekua mifuko. Ningeweza, ningewaletea."

"Na ile ya vipande?"

"Ile nilikuwa nawaachia ninyi."

"Jumapili huendi kazini. Jumapili ulikuwa unaogea nini?"

"Nilikuwa najimwagia maji tu."

"Na sabuni ipo hapo dirishani."

"Nilikuwa nawaachia, nimekwambia."

"Baba Kibibi. Niangalie usoni."

Akamwangalia. Jikoni vyombo vilikuwa vimeacha kugongana. Ilipita nafasi ya mtu kuweza kusema uongo mwingine, na tumpe haki yake, hakuusema.

"Nilikuwa naona kinyaa," alisema.

Tangu siku ile ya unywele Fundi alifikiri mumewe ni mtu asiyejua uchafu. Kwa mtu asiyejua, alikuwa tayari kurudi; mtu wa hivyo unamfundisha.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Jumapili ni wewe uliyekuwa unamwogesha mtoto. Unamsugua mgongo, mnaimba. Ule mkono wako ulioshika sabuni, ulikuwa unaufanyaje?"

"Mke wangu, tafadhali..."

"Nataka kujua tu."

Sauti ya Dobi ilikuwa ndogo kuliko ya mtoto.

"Nilikuwa nanawa baadaye."

Fundi akafungua begi. Akatoa gauni moja moja, akalirudisha kila moja juu ya kitanda alichokuwa akilalia kwa dada yake. Hakupiga kelele. Alipomaliza, akapiga magoti mbele ya bintiye, ambaye alikuwa amekaa tayari, ameshavaa kiatu kimoja mguu usio wake.

"Vua, mwanangu," alisema. "Baba anarudi peke yake."