Pete Iliyopimwa

Hivi mwenzangu, umewahi kusikia mtu akapewa pete ya uchumba, akaipeleka kwenye mashine kabla ya kuipeleka kidoleni? Mjukuu wangu alifanya hivyo, tena kwa mapenzi.

Walikutana kwenye kivuko cha barabara, watu wamefurika. Kijana, fundi vioo, alikuwa amebeba kioo kirefu begani. Binti, ndiye mjukuu wangu, gauni la buluu, kitambulisho cha kazini shingoni, akasimama mbele ya kioo kukiweka sawa kilemba chake.

"Dada, ukimaliza kujipamba niachie njia. Kioo kina mwenyewe."

"Na wewe kaka, nani kakutuma utembee na uso wangu?"

Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kikazaa simu za kila jioni.

"Hivi huko maabara mnafanya nini hasa, mpenzi?"

"Tunarusha chembe ndogo mno, kwa kasi, zigonge kitu. Atomi iliyogongwa hupoteza elektroni ya ndani kabisa. Pengo lile halikai wazi. Elektroni ya nje hushuka kulijaza, na katika kushuka hutoa mwale wa eksirei. Dhahabu ina mwale wake, chuma kina wake. Mwale haudanganyi."

"Makubwa. Mimi nikigonga kitu, nalipa kioo cha watu."

Baadaye kijana akavua mkufuni pete ya marehemu mama yake.

"Ni dhahabu tupu. Mama hakuitoa kidoleni mpaka anaaga dunia. Ivae, nikuoe."

Machozi yakamlenga binti. Akaomba apewe muda mpaka kesho yake, akaondoka na pete. Alitaka kumpelekea jibu pamoja na mchoro wa mwale wa dhahabu ile, autundike dukani.

Kesho yake kwenye skrini ya maabara vikainuka vilima viwili vya mchoro: shaba na zinki. Pa dhahabu palikuwa tambarare. Akarudia kupima. Vilevile. Simu ikaita.

"Jibu langu, malkia?"

"Pete... nimeipima. Si dhahabu."

"Umempima mama yangu," kijana akasema polepole.

"Sivyo, nisikilize kwanza..."

Simu ilishakatwa, wala haikupokelewa tena.

Kijana akabeba uchungu wake hadi kwa shangazi yake, aliyekuwa akikunja nguo kitandani. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, shuka likibaki nusu mikononi.

"Binti wa watu hajakosea, baba. Ile ya dhahabu mama yako aliiuza ulipomaliza kujifunza ufundi. Meza unayokatia vioo, ulidhani imeshuka mbinguni? Akavaa ya shaba, usije ukaona kidole kitupu ukauliza."

Kijana akaketi juu ya nguo zilizokunjwa, na shangazi hakumwinua.

Jioni alikuwa kwenye lango la maabara, unga wa vioo ukimeremeta mikononi. Binti alipotoka, akasimama mbali naye kidogo.

"Nilidhani umenidharau," kijana akasema. "Kumbe umenionyesha mama. Nisamehe."

Binti akafungua kiganja. Pete ilikuwamo, ina joto la mkono.

"Ni yako. Utaichukua?"

"Nimekuja kukuomba uivae, hivyo hivyo ilivyo."

Binti akanyoosha kidole.

"Hukunipa nafasi niseme. Mashine niliiuliza habari za pete tu. Zako sikuwa na la kuuliza. Nataka kuolewa na wewe. Nilitaka tangu uliponipa pete. Haya, nivishe."