Kibano Kimoja Ambacho Sikukikaza

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka hamsini na minane. Nauza unga wa mihogo sokoni Manika, hapa Kolwezi. Wateja wananiita Mama Ntumba, na wengi wanadhani Ntumba ni binti yangu aliyeolewa mbali. Nimewaacha wadhani hivyo miaka yote hii... Nitakayoyasema leo sijamwambia hata padri.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mimi ni Mulunda, yaani mtu wa kabila la Walunda, wazazi wangu walitoka Sandoa. Mume wangu, Mukendi, alikuwa karani wa ghala kwenye kampuni ya shaba. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba madini, lakini Mukendi mwenyewe alizaliwa hapahapa, akabatizwa hapa, akasoma hapa. Kasai aliijua kwa kuisikia tu. Tulikuwa na mtoto mmoja, Ntumba, wa miaka minne.

Na tulikuwa na gari! Lilikuwa gari la wakubwa, la zamani, refu, jeusi, lenye viti vya ngozi. Mhandisi mmoja Mzungu alimwachia Mukendi aliporudi kwao. Jumapili tulikwenda nalo misani, na Ntumba alisimama kwenye kiti cha nyuma akiwapungia watu mkono kama bibi harusi.

Kampuni ilipoanza kuanguka na mishahara ikawa haionekani, Mukendi alilitengeneza mwenyewe uani. Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa filta ya mafuta. Gari lilitumia dizeli, huku kwetu tunaita mazutu, na mazutu ya madumu ya barabarani ilikuwa imejaa maji na mchanga. Kila baada ya wiki chache filta iliziba, gari likakohoa na kuzimika.

Mikono ya Mukendi ilikuwa mikubwa, haikuingia mahali pa filta. Akanifundisha mimi.

“Mukono yako ni mudogo,” aliniambia, “inaingia fasi yangu haiingie.”

Alinifundisha kuweka beseni chini, kufungua filta ya zamani, kujaza ile mpya mazutu safi iliyochujwa kwa kitambaa, kisha kukaza vibano vya mipira inayoleta mafuta. Mwisho unasukuma pampu ndogo ya mkono mpaka mapovu yaishe. Kibano kikilegea hata kidogo, injini inavuta hewa badala ya mafuta. Gari litawaka, litakwenda hatua chache, kisha litakufa.

Zile saa za mchana, mimi na yeye tumeinama chini ya boneti moja, mikono inanuka mazutu, Ntumba anacheza na bisibisi... Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena.

Ndipo ukaja ule mwaka wa kufukuzana.

Wanasiasa walisimama wakasema watu wa Kasai warudi kwao. Jirani tuliyeazimana naye chumvi akaacha kutusalimu. Wakawaita bilulu, yaani wadudu. Mume wangu mdudu? Mtoto wangu mdudu? Familia moja baada ya nyingine zilitolewa nyumbani, zikaenda kulala kwenye kituo cha treni zikingoja mabehewa yasiyokuja. Mukendi aliachishwa kazi. Wiki iliyofuata vijana walimkamata njiani, wakamkanyaga mkono wa kulia hadi vidole viwili vikavunjika.

Alikataa kwenda kituoni. Alisema kule watoto wanakufa. Akazungumza na Tata Ramazani, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Maniema, msafirishaji ambaye kila mtu alimheshimu. Malori yake mawili yalikuwa yanakwenda Sandoa Alhamisi alfajiri. Tata Ramazani alikubali tumfuate nyuma na gari letu, naye atasema na watu wa vizuizi. Kutoka Sandoa tungetafuta njia ya Kasai.

Mimi sikutaka kwenda! Mama yangu alikuwa mgonjwa, hawezi kuinuka. Kiluba cha Kasai sikukijua. Niliogopa kufika kwa watu wanaonichukia kama sisi tulivyowachukia wao.

Jumanne kaka yangu mkubwa, huku tunasema yaya, yaya Muteba, alikuja kuniona nilipokuwa kwa mama. Yeye alikuwa anasikilizwa na wale vijana. Aliniuliza tunaondoka lini, nami nikamwambia yote. Akasema kwa upole kwamba shemeji yake hana haja ya kukimbia.

“Akibaki, mi nitamuchunga,” alisema. “Hakuna mutu atamugusa. We umuzuie tu ile Alhamisi.”

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Tumenyonya ziwa moja.

Jumatano Mukendi alipata filta mpya. Kwa vidole vilivyofungwa kitambaa hakuweza kushika hata bisibisi, basi kazi yote ilikuwa yangu. Aliketi kwenye ngazi, Ntumba magotini, akanitazama. Nilifanya kila kitu alivyonifundisha. Nilijaza filta, nikaifunga, nikakaza kibano cha kwanza. Cha pili nilikizungusha mpaka kikashika... kisha nikakirudisha nyuma kidogo. Kidogo tu!

Nilipoinua kichwa, alinishukuru.

Alhamisi tulipakia masanduku mawili na sufuria. Gari liliwaka vizuri. Tulitoka uani, tukafika mwisho wa barabara yetu yalipokuwa malori, na hapo likazimika. Mukendi alisukuma pampu kwa mkono wa kushoto. Likawaka, likaenda mita chache, likazimika tena. Akasukuma tena, jasho linamtiririka, vidole vilivyovunjika vinatoa damu kwenye kitambaa. Mimi nilisimama nimemshika mtoto. Ningeweza kusema. Bisibisi ilikuwa kwenye mfuko wa nguo yangu!

Dereva mmoja alinung'unika kwamba huenda mwanamke hakufunga vizuri. Mukendi aligeuka akaniuliza kama nilikaza vyote. Nikasema ndiyo. Basi akanitetea kwa Tata Ramazani:

“Tata, ni mazutu mubaya. Bibi yangu hakosake.”

Malori yalikuwa yamejaa watu na mizigo mpaka juu. Tata Ramazani alisema anaweza kumbana mtoto na mama yake kwenye kiti cha mbele, lakini mwanaume hana nafasi. Mukendi aliniomba nipande. Nilikataa... nikasema hatutengani. Watu waliokuwa pale waliniona mke mwema.

Malori yaliondoka. Tulisukuma gari mpaka nyumbani. Nilijiambia, sasa yaya Muteba atatulinda.

Jumamosi vijana walikuja. Yaya Muteba alikuwa mbele yao. Hakunitazama. Alisema bilulu watoke, na mimi nichague. Nilimshika miguu, nikamkumbusha neno lake. Alijibu kwamba neno lake lilikuwa kwa dada yake, si kwa mke wa Mukasai. Kisha akanyoosha kiganja, akaomba ufunguo wa gari.

Mukendi aliutoa mfukoni, akampa.

Nilikwenda nao kituoni. Tulikaa chini ya shuka moja iliyofungwa kwenye uzio, siku kumi na tisa, kati ya maelfu ya watu. Maji yalikuwa machafu. Siku ya kumi na saba Ntumba alianza kuharisha. Mchana hakuweza tena kushika kikombe.

Wakati nampangusa, nikasikia injini. Mukendi naye aliisikia. Ungeweza kuchanganya magari mia, yeye angelijua lile. Lilikuwa linapita kwenye barabara ya kituo, laini, bila kukohoa hata mara moja; mtu alikuwa amekaza kile kibano tu. Nilikimbia, nikasimama mbele yake na kulizuia. Yaya Muteba alikuwa kwenye usukani. Nilimwambia mtoto anakufa, ampeleke hospitali. Alisema anakwenda kutafuta mazutu, atarudi sasa hivi.

Hakurudi.

Niliporudi kwenye shuka yetu, Mukendi alikuwa amempakata mtoto. Hakupaza sauti.

“Ile motokari haikukuwa na ugonjwa,” alisema. “Mama Ntumba, niambie kweli.”

“Kibano moja sikuikaza,” nilisema. “Nilitaka tubaki.”

Aligeuka, akaendelea kumlowesha mtoto midomo kwa kitambaa. Alifanya hivyo usiku kucha. Asubuhi Ntumba alifariki, kichwa kwenye mkono wa baba yake, mguu mmoja kwenye mapaja yangu. Tulimzika nyuma ya reli, mahali walipozikwa wengine. Mukendi alichimba kwa mkono mmoja na hakukubali nimsaidie.

Kesho yake treni ilifika! Siku moja tu... Watu walipanda hadi juu ya mabehewa. Nilichukua sanduku langu. Mukendi alilishika, akaliweka chini taratibu.

“Rudia kwa mama yako,” aliniambia. Basi.

Mama yangu alifariki baada ya miezi miwili. Yaya Muteba sikuongea naye tena mpaka alipozikwa. Mambo yalipotulia kidogo, baada ya miaka mitatu, Tata Ramazani alinichukua hadi Sandoa, na kutoka hapo nilikwenda kwa miguu na baiskeli za wachuuzi, wiki nyingi, nikimtafuta mume wangu. Nilimkuta anafundisha hesabu shule ya misheni. Alikuwa ameoa. Mke wake alinipa maji ya kuoga na chakula, mwanamke mwema.

Nilipiga magoti mbele ya Mukendi, nikaomba msamaha. Aliniinua. Alisema hana hasira tena, lakini hawezi kuniangalia bila kumwona mtoto. Kisha akaniomba kitu kimoja. Alisema yeye hataruhusiwa kurudi Kolwezi, mimi niko karibu, nimwangalie Ntumba.

Ndiyo sababu sijahama. Watu wamekwenda Lubumbashi, wamekwenda Zambia, mimi niko hapa. Kila Jumamosi nafunga soko mapema, nakwenda nyuma ya reli na jembe langu, nang'oa majani. Makaburi mengi yamepotea pale. La kwake linaonekana.

Mama zangu, dada zangu, na ninyi wanaume pia... mkiwa na hofu, semeni! Ningemwambia Mukendi, “Naogopa kwenda,” angenisikiliza. Tungelia pamoja, tungebishana, labda tungeondoka, labda tungebaki, lakini tungeamua wawili. Mimi niliamua peke yangu, kwa siri, nikaita jambo hilo mapenzi. Na msimkabidhi ndugu siri za nyumba yenu kwa sababu tu ni ndugu wa damu.

Kama uko leo na jambo unalomficha mwenzako kwa nia ya kumweka karibu, mwite. Mketishe. Mwambie kabla hajaondoka mlangoni. Mimi nilikuwa na siku nzima ya Jumatano ya kusema, naye alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu.