Kishimo cha Dole Gumba

Mlango wa jikoni ulianza kufungika. Kwa miaka mingi ulikuwa unakwaruza sakafu, na kwa miaka hiyo hiyo Thabit alikuwa akimwahidi mkewe kuupiga randa. Ahadi za wastaafu mnazijua. Asubuhi moja Aliya akausukuma kwa nyonga, birika mkononi, kama alivyozoea, nao ukaenda kimya mpaka kwenye fremu.

"Ahsante, Baba Shatha," akamwambia mumewe. "Leo umenikumbuka."

"Mie? Sijaugusa."

Aliya hakubishana. Alikuwa na mchele wa kuchagua.

Uani kwao, huko Azaiba, mtaa wa Maskati, Thabit alikuwa na karakana, na tangu aache kazi wizarani karakana hiyo ilikuwa imemmeza. Makumbusho yalimpa kazi ya kumtia kiburi. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuwa wamefukua, katika bandari moja iliyokwisha kuzikwa na mchanga, randa ya seremala wa karne nyingi nyuma, mti umeoza nusu, chuma kimeliwa na kutu. Walimletea picha na vipimo, wakamwomba awatengenezee nyingine kama ile. Akachonga mti wa mkunazi, akafuata kila kitu, hata kile kishimo cha ubavuni, pale dole gumba la mwenyewe lilipokuwa likikaa umri wake wote wa kazi. Randa mpya haina kishimo. Hujichimba polepole kwa mkono wa mwenye nayo, na fundi mwingine yeyote asingekichonga. Thabit alikichimba kwa patasi, akakipiga msasa mpaka kikang'aa, na kwa siku kadhaa kila mgeni aliyekuja kunywa kahawa alitakiwa atie dole lake humo. Akaipeleka makumbusho ipigwe picha, akarudi nayo aimalizie.

Siku hizo hizo ndipo mlango ulipoanza kufungika.

Baada ya mlango, meza ikayumba. Miguu ya viti ikapungua, na mwiko wa wali ukawa mwembamba hadi ukavunjika sufuriani. Baada ya chakula cha mchana, saa ambayo jua huilaza Maskati yote, Aliya alisikia kutoka karakana shaa, shaa, randa ikienda na kurudi, akadhani ni mumewe na michezo yake, mpaka siku aliyogeuka kitandani akamkuta Thabit ubavuni pake, macho amefumba, mikono yote miwili imenyooka juu ya shuka, inasukuma na kuvuta, inasukuma na kuvuta, sawasawa na sauti ya uani, na chumba kizima kinanuka mafuta ya papa, yale waliyokuwa wakipaka mbao watu wa kale, ambayo nyumbani mle hayakupata kuingia hata tone.

"Thabit!" Alimwita kwa jina, jambo asilolifanya ila kwa hofu. "Thabit, amka!"

"Nimechoka, Aliya," akasema bila kufumbua macho. "Kwani nimefanya kazi gani mie?"

Tangu hapo akawa anakwisha. Mikono ilituna kama ya kijana wa bandarini, na mwili uliobaki ukanyauka. Alisinzia kwenye sijda. Hospitali walimpa vitamini, wakamwambia apumzike, kana kwamba alikuwa anafanya lingine. Aliya akimfunga vishikizo vya kanzu aliziona mbavu zake, akajua mumewe anamtoka, na hasira zikamshika kwa kuwa hakujua amkasirikie nani.

Akamwita Bi Mazoon wa Khuwair ya Kusini, anayewasomea Kurani wagonjwa na wenye majini. Bibi alikuja alasiri, naye hoi, maana wagonjwa hawamwishii. Akafukiza ubani, akasoma, akampulizia Thabit, kisha akaomba aletewe hiyo randa aliyoelezwa. Akaigeuza geuza.

"Nani kachonga hapa pa dole?"

"Yeye," Aliya akanong'ona.

"Ala! Chombo cha mtu waweza kukiiga. Alama ya mkono wake haiigwi. Mwenyewe kafa, Mungu amrehemu, lakini alikuwa na jini wake akisukuma naye. Mmemwekea pa kushika, kaja kushika. Mikono hana, ndo anaazima ya huyu."

Akasoma tena, na midomo ya Thabit ikafunguka, ikatoka sauti kavu isiyokuwa yake.

"Nilikuwa nimelala. Mkinichongea pa kushika, sina budi nisukume. Nimechoka, bi. Nipumzisheni."

Aliya alikuwa amejiandaa kuogopa. Alichokipata ni huruma, na huruma hiyo ilimuudhi.

"Usiichome moto," Bi Mazoon akamwambia, "moshi utamtandaza nyumba nzima. Kiondoe kishimo."

Aliya, ambaye hakupata kushika chombo cha seremala maisha yake, akachukua tupa akaanza kuusugua ule ubavu, na kadiri unga wa mti ulivyomwagika mapajani pake ndivyo harufu ya papa ilivyozidi, na mikono ya Thabit ilivyosukuma kwa kasi, na vidole vyake mwenyewe vilivyochubuka, akasugua huku analia, huku anataja jina la Mola, mpaka ubavu ukawa bapa na harufu ikakatika. Mikono ya mumewe ikaanguka.

Asubuhi Thabit aliamka anataka vitumbua. Akala sahani nzima, akamtania mkewe kwa plasta za vidoleni, na Aliya akacheka mpaka akalazimika kukaa.

Wakiwa bado mezani simu ya Thabit ikalia, akaiweka spika. Alikuwa Noof, binti anayefanya kazi makumbusho.

"Ami Thabit, nna bishara! Ile randa ulotuletea tuipige picha, mashine imeisoma yote, na kiwanda kishatoa nakala za skuli za Maskati nzima. Watoto hawataki kuziacha. Wanapenda pale pa dole, lao linaingia lenyewe. Wanasukuma mpaka wanasinzia!"

Aliya akaikata simu, akageuka. Mikono ya Thabit ilikuwa imenyooka juu ya meza, inatafuta pa kushika.

"Nimechoka," ikasema sauti, na Aliya hakuweza kujua ni nani kati ya wale wawili, mumewe au jini, aliyesema.