Kicheko cha Shangazi

Shangazi yangu hushona magodoro ya pamba. Chumba chetu cha kazi kiko ghorofani. Pamba ikichambuliwa huelea kwenye mwanga kama mawingu madogo. Nilipokuwa mtoto nilidhani mawingu yote hutoka kwetu.

Dirisha tulilifunga daima, upepo usituibie pamba.

Shangazi alikuwa na kicheko cha kujaza mtaa. Kisha kikaanza kukatika. Akicheka, anakohoa. Akikohoa, anashika ukuta. Mwisho akaacha hata kutania watu.

"Ni uzee, mwanangu," aliniambia.

Siku moja akaja daktari mtafiti, mwanamke anayechunguza mapafu ya mafundi. Ameifanya kazi hiyo tangu ujanani, mpaka nywele zake zimefanana na pamba yetu. Aliketi juu ya godoro.

"Dada, nichekeshe kidogo," alisema.

Shangazi akamtazama. "Kwani umekosa wagonjwa, daktari?"

Wote wawili wakacheka. Kikohozi kikamkata shangazi katikati.

"Hapo," daktari alisema taratibu. "Nilianza kwa kusikiliza vicheko vya watu wa kiwandani, vinapokatikia. Mashine zilikuja baadaye."

Akatoa kimashine kidogo cha kupimia pumzi. Shangazi akavuta pumzi, akaipuliza yote. Daktari akasoma namba.

"Si uzee, wala hujalogwa. Vumbi la pamba limeumiza mapafu."

"Nitapona?"

"Palipoharibika hapatarudi. Palipobaki tutapalinda."

"Basi niache kazi? Tutakula mawingu?"

"Usiache. Chambulia pamba uani, upepo uwe mgongoni. Vaa barakoa. Usifagie vumbi kavu, lifute kwa kitambaa chenye maji. Kisha uje kliniki upewe dawa ya kuvuta."

Dawa tukapewa. Jioni nikamkuta shangazi anajipulizia dawa ile kifuani, kama manukato.

"Shangazi, unakwenda harusini?"

"Si ndipo panapobana?"

Kesho yake tulirudi kliniki. Daktari akamwonyesha: toa pumzi, weka mdomoni, bonyeza huku unavuta polepole, bana pumzi kidogo, achia.

Tukahamia uani. Tulizungushia pamba chandarua kikuukuu, lakini upepo bado ulichukua kidogo. Niliitazama ikipanda juu ya mapaa, nyeupe, bila haraka.

"Iache iende," shangazi alisema. "Zamani nilikuwa naibeba mimi, kifuani."

Miezi ikapita. Asubuhi moja aliwasimulia majirani habari ya manukato yake, akaanza kucheka. Niliacha sindano, nikasikiliza kama daktari.

Kicheko kikaenda, kikaenda, kikafika mwisho wake bila kukatika.