Baba wa Simu

"Kadi imekataliwa."

Hiyo ilikuwa sauti ya Mkuu wa upelelezi, simuni.

"Kadi ngapi?" Wembe aliuliza.

"Zote. Kuna mtu kaufunga mfumo wa bima ya afya. Hospitali haziwezi kuthibitisha mgonjwa hata mmoja. Mshukiwa ni meneja wa mradi. Mlete."

Wembe aliwasha Yamaha yake akicheka peke yake. Meneja huyo ndiye aliyemwoa mtalaka wake. Ndiye aliyelalia kitanda alichokinunua Wembe, tena upande wa dirishani. Binti ambaye Wembe alizaa na mtalaka huyo alipayuka hilo simuni.

Leo atanitambua.

Mlango wa chumba cha seva uliruka kwa teke moja. Glock ikatua kisogoni mwa meneja, kibwana cha kitambi na ndala.

"Mikono juu!"

"Kaka, nikiinua mikono tumekwisha." Meneja hakuacha kuchapa. "Mtoto yuko mlangoni pa chumba cha upasuaji. Wanasubiri idhini ya bima."

"Mtoto gani?"

"Wetu."

Neno hilo lilimchoma Wembe kuliko risasi.

"Mshauri wa kigeni wa mradi huu ndiye kafunga," meneja alisema. "Tulipohamia mfumo mpya alinibana niuzime wa zamani. Nikamdanganya nimeuzima. Niletee ufunguo wake, naurudisha ule wa zamani sasa hivi. Ni kile kifaa anachovaa shingoni. Katoka kuelekea maegesho!"

Wembe alishuka ngazi tatu tatu.

Mshauri alikuwa akifungua Land Cruiser. Akachomoa bastola. Wembe akaipangua kwa kiganja, akamgandamiza kwenye boneti.

"Sikiliza," mshauri alihema. "Meneja alishanisimulia habari yako na mkeo. "Nyayo zote mtandaoni nimezielekeza kwake. Niachie niende. Yeye atafungwa, mkeo atarudi."

Wembe alisita.

Alikiona kitanda. Alikiona na kile kitambi juu yake.

Kisha akauona mlango wa chumba cha upasuaji.

Ngumi moja. Pingu kwenye usukani. Ufunguo mkononi.

Meneja aliuchomeka. Skrini ikapepesa, ikageuka kijani.

ANASTAHILI. Jina la binti. Chini yake, mzazi: jina la meneja.

Wembe alilisoma mara mbili.

Simu ikalia. "Umemkamata meneja?" Mkuu aliuliza.

Wembe aliirudisha Glock kiunoni.

"Meneja ni msafi. Mtu wako yuko maegesho." Maneno yalimtoka kama jino linavyong'olewa.

Meneja alifuta jasho. "Twende wote hospitali, kaka. Anakuulizia sana. Anakuita Baba wa Simu."

Wembe alivaa Ray-Ban zake, akaelekea mlangoni.

"Pikipiki yangu itatangulia," alisema bila kugeuka. "Na wewe, kuanzia leo, lala upande wa ukutani."