Jumamosi Alikuwa na Mimi

Mgahawa wa ghorofa ya chini ulikuwa umejaa hadi mlangoni, maana mchana jengo zima hushuka kula kwa wakati mmoja. Kwenye foleni, dada mmoja mwenye blauzi ya njano na sweta zito begani, ingawa nje jua lilikuwa linachoma, alikuwa akibonyeza simu yake haraka haraka. Nyuma yake alisimama kaka mrefu, shati limenyooshwa vizuri, viatu vimesahauliwa kung'arishwa.

"Samahani dada," kaka akasema chini chini. "Neno lako la siri nimeshalijua."

Dada akageuka. "Wewe ni mwizi?"

"Kinyume chake. Mimi nakamata wezi."

"Ndivyo wezi wote wanavyosema. Haya, litaje."

Akamnong'oneza. Dada akashtuka, kisha akacheka. Akalibadilisha palepale, simu kaificha ndani ya sweta.

"Na hili umeliona?"

"Hilo hapana. Nimeona vishimo vya mashavuni tu."

"Sogea mbele, foleni inatembea."

Siku chache baadaye, kampuni ya dada yule, inayosambaza dawa hospitalini, ikamtambulisha mtaalamu mpya wa usalama wa kompyuta. Ndiye yeye. Kazi yake ilikuwa kuugundua wizi wa mtandaoni kabla haujaleta madhara, na wafanyakazi wakampachika jina la Kufuli kwa sababu alifunga kila kitu. Dada alikuwa msimamizi wa vyumba baridi vya dawa. Yeye walimwita Barafu.

Wakapendana, na wakaficha. Mkataba wa Kufuli ulisema wazi kwamba hatakiwi kuwa na ndugu wala mpenzi miongoni mwa watu anaowachunguza. Kazini walisalimiana kama majirani waliogombania uzio. Kwenye simu ilikuwa habari nyingine.

"Umekula, Barafu wangu?"

"Nimekula. Na uache kuniita wako, ofisi hii kuta zina masikio."

"Kuta nimeshazikagua. Jumamosi unakuja kumwona mama?"

"Akinikataa?"

"Mama yangu akikukataa atakwambia mwenyewe, hutahangaika kukisia."

Jumamosi akaenda, kavaa gauni la bluu na hereni ndogo. Mama, mshonaji wa sare za shule, alimpokea na futi shingoni. "Wewe ndiye unayemfanya mwanangu acheke na simu kama chizi? Karibu, mwanangu. Kaa."

Walipokuwa mezani, simu ya Barafu ikaisha chaji, naye alitakiwa kuangalia joto la vyumba vyake. Kufuli akamsogezea kompyuta ya mama. "Tumia hii." Barafu akaingia kwenye mfumo wa kampuni, akaona joto liko sawa, akatoka. Wakaendelea na chai.

Jumatatu asubuhi Kufuli alifungua kumbukumbu za mfumo. Akaunti ya Barafu ilikuwa imeingia tena kwenye mfumo Jumamosi jioni, wakiwa bado mezani kwa mama, ikafungua mafaili yasiyomhusu kabisa mtu wa vyumba baridi. Sasa ilikuwa inayafunga yasifunguke tena, moja baada ya jingine. Akakata mtandao wa jengo zima. Magari ya dawa yakasimama uani, na hospitali zikaanza kupiga simu.

Mkurugenzi, mama mwenye miwani ya mkufu, hakukaa hata kwenye kiti. "Akaunti ni ya nani?"

"Ya msimamizi wa vyumba baridi," Kufuli akajibu.

Barafu akaitwa. "Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyumbani kwa watu."

"Watu gani? Watasimama waseme?"

Barafu akamtazama Kufuli. Kufuli akainamia kompyuta yake kana kwamba kuna mtu anamwita humo ndani. "Uchunguzi unaendelea," akasema.

"Basi uendelee upesi," mkurugenzi akasema. "Ikifika jioni huyu dada hana shahidi, naita polisi."

Kufuli alimpigia Barafu akiwa kwenye ngazi. "Nisikilize, mpenzi. Nikisema tulikuwa wote wananitoa leo hii, na atakayekuja hajui huu mfumo. Nipe muda nikutafutie ushahidi."

"Ushahidi ni wewe."

"Najua."

"Hujui. Mimi sitaki mtu wa kunipenda Jumamosi na kunikana Jumatatu."

Simu ikakatwa. Alipiga tena, haikupokelewa.

Hapo ndipo akaikumbuka ile kompyuta. Akaenda kwa mama mbio, akaifungua. Ndani, nyuma ya programu ya kutazama tamthilia bure, kulikuwa na programu nyingine ndogo iliyonakili kila herufi iliyobonyezwa na kuipeleka kwa wezi.

"Mama, hii nani aliiweka?"

"Mimi. Nilitaka tamthilia. Na mashine hii nilikuomba uikague tangu mvua zilizopita, ukasema unakuja. Wanasema mganga hajigangi. Wewe hata mamako humgangi."

Akamweleza yote. Mama akaacha cherehani.

"Kwa hiyo binti wa watu anaitiwa polisi kwa kompyuta yangu, na uliyempa ni wewe?"

"Ndiyo."

"Na bado umekaa hapa unaniangalia?" Akaizungushia mashine kitambaa cha sare, akamkabidhi. "Nenda."

Njiani Kufuli aliona mlango wa kutorokea. Angeweza kusema neno la siri limeibwa kwenye kompyuta ya nje, asitaje ya nani. Barafu asingeitwa mwizi. Angeitwa mzembe, na angefukuzwa kwa hilo.

Aliweka mashine juu ya meza ya mkurugenzi, Barafu akiwa amesimama dirishani.

"Jumamosi alikuwa na mimi," akasema. "Kwa mama yangu. Hii ni kompyuta ya mama, ina programu ya wezi, na mimi ndiye niliyempa aitumie. Ni mpenzi wangu. Nilipaswa kusema asubuhi."

Mkurugenzi akavua miwani. "Wewe uliyetukataza kutumia kompyuta za watu?"

"Mimi."

"Mfumo ukoje?"

"Nakala za akiba hazikuguswa. Magari yanaweza kuondoka leo. Ila wekeni ile namba ya pili inayotumwa kwenye simu, mliyosema inachelewesha watu. Ingekuwepo, mwizi asingeingia kwa neno la siri peke yake."

"Itawekwa. Lakini si na wewe."

Kufuli akavua kitambulisho shingoni, akatoka.

Msidhani Barafu alimkimbilia. Dawa zilikuwa zinasubiri kupakiwa, akazipakia. Ilipita wiki ndipo akapiga simu.

"Mama yako anasema unakagua kompyuta za mtaa mzima bure."

"Mama ana namba yako?"

"Alinipigia kuomba radhi. Wewe bado."

"Naomba radhi. Nilichelewa."

"Ulichelewa kutwa nzima. Nilisimama pale naangaliwa kama mwizi, na wewe unaangalia kioo cha kompyuta."

"Nataka kukuoa, Barafu."

"Ya kuambiwa sirini nimeyachoka. Njoo uyasemee kazini, watu wakitoka."

Akaja. Wahasibu walikuwa wanatoka, madereva wanaingia, mkurugenzi mwenyewe anatafuta funguo za gari. Mlinzi akafungua kitabu cha wageni.

"Unamwona nani?"

"Msimamizi wa vyumba baridi," Kufuli akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye magari. "Nimekuja kumwomba yeye anioe, maana mimi nimeshamkosea."

Madereva wakacheka. Barafu alikuwa ameshafika, sweta begani.

"Niandike ni nani wako?" mlinzi akamuuliza.

"Andika mchumba," Barafu akasema. "Na uandike kwa wino, asije akanikana tena."